Forezi ya kutoboa shimo pana kwenye barafu ya ncha ya dunia: anza na unga, visu baadaye

Haya bafundi wenzangu na wadogo wa politekniki, hii naandika kwa sababu kila mara nikiongea hii habari kwenye ateliye watu wanacheka, eti fundi wa turu (mashini ya kuchonga chuma) wa Katuba, hapa L'shi (Lubumbashi) theluji tunaionaga kwenye tivi tu, we unatafuta nini kwenye barafu ya Greenland. Ilianza na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Mwaka jana alikuja na kazi yake ya kumaliza masomo: adisaini mashini ya kutoboa shimo la upana wa milimita 285, kwenda chini mita 100, kwenye barafu. Akaniambia mjomba, we umerekebisha forezi (mashini za kutoboa) za maji na za migodi miaka yote, nisaidie. Nikajiona najua. Kumbe! Tulikaa na hiyo kazi miezi sita, tukajenga kamodeli ka milimita 120, kakatugomea mara mbili, mara ya tatu kakatoboa. Hapa naweka hatua vile tulivyopita, pamoja na hesabu, ili mwingine asianzie sifuri.

Kwanza sahau jiwe. Forezi zetu za hapa zinapiga jiwe hadi livunjike, halafu kompresa inasukuma hewa vumbi lipande. Barafu haipigwi, inapigwa randa. Kisu chenye makali kinaipita kama randa ya seremala kwenye mbao laini, na nguvu inayotakiwa ni kidogo hadi unashangaa. Sasa kwa sababu kukata ni rahisi, watu wote wanarukia visu, wanachora visu wiki tatu, na mashini ikishuka mita moja inasimama, si kwa sababu ya visu, inasimama kwa sababu ule unga mweupe uliokatwa hauna pa kwenda. Barafu ya baridi kali ukiibana unga wake mara mbili tatu unashikana kama bukari (ugali) iliyolala. Kwa hiyo mi nasema disaini inaanza na unga, na kila kitu kingine kinafuata.

Hatua ya 1: uliza shimo ni la nini

Usicheke, hili swali linabadilisha mashini yote. Mpwa wangu kazi yake ilitoka kwenye mradi wa kweli unaitwa RNO-G, uko Summit, katikati ya Greenland, walianza kuweka vifaa 2021. Wanashusha antena za redio mita 100 ndani ya barafu kutafuta neutrino, hizo ni chembe ndogo zinazotoka mbali sana angani. Kuna antena ambazo huwezi kuzifanya nyembamba, kwa hiyo shimo linabidi liwe pana, na linabidi liwe kavu. British Antarctic Survey, watafiti wa Uingereza wa Antaktika, waliwatengenezea forezi inaitwa BigRAID, ya mekaniki kabisa, milimita 285.

Wengine wanatoboa kwa maji ya moto. Pale South Pole mradi wa IceCube ulitoboa mashimo 86, kila moja upana wa sentimita 60 hivi na kina cha karibu mita 2450, walimaliza Desemba 2010. Kwa kina kile mi sina neno, maji ya moto yanashinda. Lakini mtambo wao ulikuwa wa karibu megawati 5, na shimo linabaki limejaa maji ambayo yanaganda tena, na mita za juu, kule kwenye theluji iliyoshikana tu, maji yanapenya pembeni yanapotea.

Na wengine hawataki shimo, wanataka kile kinachotoka ndani yake. Kuna forezi inaitwa Blue Ice Drill, Wamarekani waliitengeneza kwa ajili ya Taylor Glacier kule Antaktika, inatoa mgongo wa barafu, yaani nguzo nzima ya duara, wa milimita 241, kwa sababu watu wa hewa ya zamani wanahitaji barafu nyingi kwa kipimo kimoja. Hapo unakata duara la pembeni tu, katikati unaacha. Piga hesabu: shimo la 290 ukiacha mgongo wa 241, unga unaotoa ni asilimia 31 tu ya barafu yote. Nzuri sana, ila sasa una mgongo wa kilo 42 kwa kila mita, inabidi uukate kule chini na uupandishe bila kuuvunja. Sisi tulikuwa tunataka shimo tupu, kwa hiyo tunakata yote. Unga wote ni wetu.

Kama unajiuliza kwa nini tusiyeyushe tu na rezistansi: mita moja ya shimo letu kwenye barafu iliyoshikana ni kilo 58. Kuipasha kutoka -30 hadi 0 na kuiyeyusha unahitaji karibu megajuli 23. Kuikata kwa kisu ni kama megajuli 0,2. Zaidi ya mara 100! Mi nilirudia hiyo hesabu mara tatu nikifikiri nimekosea koma.

Hatua ya 2: hesabu ya unga

Chukua kalamu. Milimita 285 ni eneo la mita mraba 0,064. Ukishuka mita moja umetoa litri 64 za barafu. Barafu nzito ina kilo 917 kwa mita ya ujazo, lakini unga wake ukiumwaga kwenye ndoo, hata ukiutikisa kidogo, uko karibu na kilo 500. Kwa hiyo litri 64 zinakuwa litri 117. Hizo litri 117 zinabidi zikae mahali, ndani ya tiyo (bomba) ya forezi, hadi winchi ipandishe yote juu. Kwenye shimo la milimita 100, lile la kawaida, ungekuwa na litri 14 tu. Umeongeza upana chini ya mara tatu, unga umeongezeka mara nane. Hapo ndipo shimo pana linapoua watu.

Tiyo yetu ya kubeba unga ina upana wa ndani 270, ukitoa mhimili wa katikati na parafujo ya kupandisha unga inabaki kama litri 52 kwa kila mita ya tiyo. Tukaamua kila mshuko tunakata nusu mita, ni litri 58 na kidogo, inataka tiyo ya mita 1,13. Tukaifanya mita 1 na nusu. Usijaze tiyo hadi juu, nakuomba, kwa sababu mwisho wa mshuko unga unaanza kubanwa, na ukishabanwa hauitwi tena unga, unaitwa jiwe.

Habari njema ni kwamba juu hakuna barafu ya kweli. Kule Summit mita za kwanza ni theluji iliyoshikana, karibu kilo 350 kwa mita ya ujazo, inaenda ikiwa nzito pole pole, na inafunga matundu yake ya hewa kama mita 70 hadi 80 chini, ikiwa na kilo 830 hivi. South Pole ni mbali zaidi, karibu mita 120. Kwa hiyo mita 20 za kwanza unaweza kukata ndefu zaidi kwa kila mshuko. Lakini disaini kwa ile nzito.

Hatua ya 3: visu, na lile kosa langu

Visu vitatu, vimegawana duara sawasawa. Kimoja kinakata milimita 2 kwa kila mzunguko, vyote vitatu mashini inashuka milimita 6. Uso wa mbele wa kisu uinamishe digrii 30 hadi 45, barafu inapenda kisu kilicholala, kinajivuta chenyewe. Chuma kiwe cha vifaa, kile unachokipika ukakizima, halafu unakinoa hadi kinyoe nywele za mkono. Karbidi, ile ngumu sana, weka akilini kwa ajili ya barafu yenye mchanga na mawe tu, Summit huihitaji.

Nyuma ya kila kisu weka kiatu, kipande cha chuma kinacholala kwenye barafu na kuzuia kisu kisizame zaidi ya zile milimita 2. Bila kiatu kisu kinajivuta, kinakula milimita 10 mara moja na motere inakwama. Kiatu ufungie na shimu za toli (bati) nyembamba, ili uweze kubadilisha kina bila kurudi ateliye.

Sasa kosa. Kamodeli ketu kalikuwa na visu 2 vya milimita 3, jumla ile ile 6 kwa mzunguko, na nyuma ya makali niliacha nafasi ya digrii 10, vile tunavyofanya kila siku kwenye vyuma. Tukaingia kwenye chumba cha baridi cha samaki, mpwa anashika drili, mi naangalia. Ikakata vizuri sekunde kumi hivi, unga unaruka mweupe kama chumvi, halafu ikasimama. Inazunguka, haishuki. Nikamwambia kandamiza. Akakandamiza na uzito wake wote, drili inalia tu. Tukaitoa, nikamulika shimo na tochi ya simu. Pembeni barafu ilikuwa na mikwaruzo ya kisu safi, lakini katikati kabisa kulikuwa na kadoa upana wa kidole, kanang'aa kama kioo cha saa. Kisu hakikukata pale, kilisugua.

Nilikaa chini na karatasi. Mashini ikishuka milimita 6 kwa mzunguko, kisu hakitembei kwenye sakafu, kinatembea kwenye mteremko. Pembeni ya lile shimo la 285, milimita 140 kutoka katikati, mteremko hauna hata nusu digrii. Milimita 20 kutoka katikati ni karibu digrii 3. Milimita 5 kutoka katikati ni karibu digrii 11! Na mi nimeacha 10. Yaani kisigino cha kisu kimekalia barafu kabla makali hayajafika. Na pale katikati kabisa ni mbaya zaidi kwa sababu kasi ni sifuri, hakuna kisu kinachokata bila kutembea, kila fundi wa turu anajua, ndiyo maana tunatangulizaga meshi (ncha ya kutobolea) ndogo kabla ya kubwa. Nilijua kwa chuma, nikasahau kwa barafu.

Dawa yake: sehemu ya ndani ya visu nilipiga lime (tupa) na meule (jiwe la kusagia) hadi nafasi ya nyuma ikafika digrii 20, na katikati kabisa nikaweka meshi ya mbao ya milimita 16 iliyotangulia sentimita 3 mbele. Ile meshi inafanya kazi mbili, inaondoa ile sehemu isiyokatika na inashika mashini isicheze. Kwenye disaini ya 285 tuliweka vile vile.

Kitu kimoja tena: kisu cha pembeni kitokeze nje ya tiyo. Shimo 285, tiyo nje 275, unabaki na milimita 5 kila upande. Ukibana hapo ili shimo liwe zuri, siku forezi itakaa chini dakika 20 huitoi.

Hatua ya 4: parafujo na tiyo

Angalia mashini ya kusaga nyama ya mkono, ile ya nyumbani. Fungua uangalie ndani ya mwili wake: kuna mifereji. Unajua kwa nini? Kama ndani pangekuwa laini kabisa, nyama ingeshika parafujo na kuzunguka nayo bila kwenda mbele. Unga wa barafu ni hivyo hivyo. Ili upande, unabidi uteleze kwenye parafujo na ushikwe na tiyo. Watu wengi wanafanya kinyume, wananunua tiyo inayong'aa ndani eti isishike unga, halafu parafujo wanaiacha na alama za kusude (kuchomelea). Inazunguka na unga wake kama merigo (bembea ya kuzunguka) ya watoto.

Sisi tulifanya parafujo ya inoksi (chuma kisichoshika kutu), tukaisugua hadi unajiona sura, na ndani ya tiyo tukafunga vijiti vinne vya aluminiamu vya milimita 3, vimesimama kutoka chini hadi juu. Mteremko wa parafujo digrii 30 hadi 40 kutoka usawa, ukizidi hapo unga unazunguka tu, ukipunguza sana mashini inapandisha pole pole na unga unabanwa chini kwenye visu. Na madirisha ya kupitishia unga, pale juu ya visu, yafanye makubwa kuliko unavyofikiri, kisha uyaongeze tena. Mara yetu ya pili kugoma ilitokea hapo pia, lakini sababu ilikuwa nyingine, nitaisema kwenye hatua ya baridi.

Kumwaga unga juu: usifikirie kufungua tiyo kila mara na funguo. Geuza motere izunguke kinyume, parafujo inateremsha unga wote chini, unaanguka kwenye beseni au kwenye sleji. Ndugu yake BigRAID, ile RAID ndogo, inamwaga hivyo. Ni kitu kidogo lakini kinakuokoa masaa, ona hatua ya 6.

Hatua ya 5: motere na ile nguvu ya kuzungusha

Kukata mita ya ujazo ya barafu kwa mekaniki kunakula megajuli 2 hadi 5 hivi. Chukua 3. Kwa mizunguko 60 kwa dakika na milimita 6 kila mzunguko unashuka sentimita 36 kwa dakika, hiyo inataka karibu kilowati 1,15 kwenye visu. Nguvu ya kuzungusha inakuja karibu niutoni-mita 183. Kupandisha unga kunakula nako, na kwenye barafu hakuna wa kukuhurumia, kwa hiyo weka motere ya kilowati 2,2. Motere ya mizunguko 1400 unaiwekea redukta (gia za kupunguza mwendo) ya 23 kwa 1.

Umeme upeleke kwa volti kubwa. Kilowati 1 na nusu kwa volti 48 ni ampea 31, utahitaji waya mnene kama kidole. Kwa volti 400 ni chini ya ampea 4. Na uweke kipimo cha ampea mbele ya macho ya anayeendesha, sindano kubwa, si skrini, kwa sababu skrini za kawaida kwenye baridi zinakuwa polepole na kufifia. Ampea zikipanda, unga umebanwa. Simama, pandisha sentimita chache, zungusha, shuka tena. Hiyo sindano ndiyo macho yako kule chini.

Sasa nguvu ina ndugu yake. Visu vikizunguka huku, mwili wa mashini unataka kuzunguka kule, na mashini imening'inia kwenye kamba tu, haina mguu. Kwa hiyo juu ya motere unaweka springi tatu za majani, zimepinda nje kama upinde, kila moja ina kisu kinacholala wima kinachokwaruza ukuta. Kinateleza kwenda chini, lakini hakikubali kwenda pembeni. Niutoni-mita 183 ukigawa kwa nusu ya upana wa shimo na kwa springi tatu, kila kisu kinasukuma ukuta kwa niutoni 430 hivi, kama kilo 43. Kwenye barafu nzito ni rahisi. Kwenye theluji ya juu ni kama kushika ukuta wa mchanga, springi inachimba mfereji na mashini yote inageuka inasokota kamba. Ndiyo maana kila springi iwe na visu vipana vya kubadilisha, vya juu na vya chini. Na mita mbili za kwanza, springi ziko bado hewani, shika mwili wa mashini kwa bomba la chuma la kupitisha kati ya nguzo mbili za mnara. Bomba, si mikono ya mtu!

Hatua ya 6: kamba, winchi na masaa

Kamba ni ya chuma yenye waya za umeme ndani. Mashini yenyewe kilo 120 hivi, unga kilo 30, lakini siku ikinasa utavuta zaidi, sisi tuliandika kamba isiyovunjika chini ya tani 2.

Masaa watu hawapigi hesabu. Mita 100 kwa nusu nusu mita ni mishuko 200. Wastani wa kina ni mita 50, winchi ya nusu mita kwa sekunde inatumia sekunde 100 kushuka na 100 kupanda. Kukata dakika moja na nusu. Kumwaga na kusafisha visu dakika 3. Jumla ni karibu masaa 26 bila kula, bila kulala, bila kitu kuharibika. Ukifungua tiyo kwa funguo kila mara na ikakuchukua dakika 10, umefika masaa 49. Kwa hiyo mahali pa kuweka akili si motere kubwa zaidi, ni ile dakika ya kumwaga.

Shimo linyooke: usiachie uzito wote wa mashini kwenye visu. Acha kamba ibebe sehemu, mashini ining'inie kama timazi ya mwashi, itatafuta wima yenyewe.

Hatua ya 7: baridi

Hapa niliaibika kidogo. Rulema (beringi) ya milimita 90 ya nje niliiingiza kwenye nyumba ya aluminiamu, kwa kipimo kizuri kabisa, hapa ateliye digrii 28. Aluminiamu inajikunja karibu mara mbili ya chuma. Ukipeleka -40, hiyo nyumba inabana rulema kwa karibu milimita 0,07, inakula nafasi yote ya ndani, gololi zinakwama. Mpwa ndiye aliyeona, si mimi. Tukaweka ringi ya chuma kati yao, na rulema za nafasi kubwa, zile za C3.

Chuma cha kawaida cha kusude kwenye baridi ile kinaweza kuvunjika kama biskuti kikigongwa, kwa hiyo mahali panapogongwa na kuvutwa weka inoksi au aluminiamu. Grisi ya kawaida inakuwa mshumaa, osha zote na petroli, weka ile ya baridi kali. Tiyo za plastiki za maji zinapasuka. Na bulo (bolti) zote za nje ziwe za funguo moja, sisi tulichagua 13, kwa sababu mtu mwenye gilavu (glavu) nene hawezi kutafuta funguo sita kwenye theluji, akivua gilavu akashika chuma cha -40 ngozi inabaki pale. Kule Vostok, Antaktika, Julai 1983 walipima -89,2. Summit haifiki huko na kazi inafanywa kiangazi, lakini -30 usiku inaweza kutokea.

Na ule ugomvi wa pili wa kamodeli. Tulitoka nje na jua la Septemba, mashini imekaa kwenye bodi ya pikap, tukaingia nayo moja kwa moja kwenye chumba cha -18. Chuma chote kilikuwa bado na joto, unga wa kwanza uliogusa parafujo ukayeyuka, baadaye ukaganda ukashika, wa pili ukashika juu yake, dakika mbili parafujo imekuwa nguzo nyeupe. Tukaigonga na mpini wa nyundo. Mara ya tatu tuliomba tuilaze ndani usiku mzima, katikati ya maboksi ya samaki, asubuhi tukaishika na gilavu tukaanza. Unga ukapanda kama mchanga mkavu. Kule Greenland ni sheria hiyo hiyo: mashini ikikaa juani, hata kama hewa ni -15, chuma kinapata joto, usiishushe. Ifunike, iweke kivulini au kwenye handaki la theluji hadi ipoe kama shimo lenyewe.

Hatua ya 8: jaribu hapa hapa

Huhitaji kwenda ncha ya dunia. Chukua pipa lililokatwa nusu, mimina maji sentimita 5, acha yagande, mimina tena. Ukijaza mara moja yanaganda kutoka nje kwenda ndani, katikati inabaki mapovu na nyufa, na block inapasua pipa, tulipasua moja. Kwa kuiga theluji ya juu, kwangua barafu ya kwenye kuta za friza, ipakie kwenye ndoo, iache siku mbili ishikane. Usipime mwendo wa kushuka peke yake: pima unga uliotoka, uweke kwenye mizani, linganisha na shimo. Sisi mara ya tatu shimo lilikuwa na kina cha sentimita 30, ilibidi litoe kilo 3,1. Tiyo ilitoa 2,9. Zile gramu 200 zilikuwa zimebaki chini ya visu, tukaongeza madirisha tena.

Hatua ya 9: siku ikinasa

Itanasa. Forezi ya mradi wa NorthGRIP, hapo hapo Greenland, ilinasa 1997 ikiwa mita 1371, ikabaki huko, wakaanza shimo jipya 1999 hadi wakafika mita 3085 mwaka 2003. Kwa hiyo weka mpango kwenye disaini, si kwenye maombi. Cha kwanza usivute kwa nguvu yote, utabana unga zaidi. Zungusha kinyume pole pole huku kamba imekazwa kidogo tu. Ikikataa, mwaga glikoli, ile dawa ya radiateri isiyoganda, inayeyusha unga uliobana pembeni, subiri masaa, hata siku nzima, jaribu tena. Na pale kamba inapofungiwa kwenye mashini weka pini ya aluminiamu iliyopimwa, ivunjike kabla ya kamba, ili kama ni kupoteza upoteze mashini ubaki na kamba na winchi. Mpwa wangu hiyo pini alisahau kuichora, tukaiongeza kwa kalamu nyekundu usiku wa mwisho kabla hajaenda kujitetea, na prof swali la kwanza aliloliuliza lilikuwa ni hilo hilo, eti kamba ikinasa inakatikia wapi.